Samaki wa Kandambili

Mwaija ana miaka sita. Anakaa Kichangani, karibu kabisa na ukumbi wa mtaa.

Leo ukumbi umejaa watoto. Kuna mgeni kutoka Japani, anaitwa Bi Haruko.

"Shikamoo, Bi Haruko!"

"Marahaba, wanangu!"

Bi Haruko amekuja kufundisha kuchapa picha. Unachonga kibao. Unapaka wino. Unalaza karatasi juu. Halafu unasugua kwa mgongo wa mwiko.

Sugu, sugu, sugu!

Unabandua karatasi. Bwaa! Picha hiyo hapo.

"Kila mtoto achape picha moja," akasema Bi Haruko. "Nitazipeleka kwa watoto wa kwetu. Nao watawaletea ninyi za kwao."

Mwaija akaruka juu. Picha yake itapanda ndege! Na picha ya mtoto wa mbali itakuja kwake!

Lakini vibao vimekwisha. Binamu yake, Shomari, amechukua viwili.

"Viwili vya nini?" akauliza Mwaija.

"Kimoja cha simba," akasema Shomari. "Cha pili cha mkia wa simba."

Mh! Mkia gani huo, unaotaka kibao kizima?

"Asiye na kibao hachapi," akasema Shomari. "Nenda kacheze."

Mwaija hakwenda kucheza. Alikwenda nyuma ya nyumba yao. Akaokota kandambili yake ya zamani, iliyokatika ukanda. Akaiosha vizuri. Akarudi nayo ukumbini.

Shomari akacheka mpaka akakaa chini.

"Mh! Kandambili! Itachapa nini?"

Watoto wote wakaitikia, "Kandambili! Itachapa nini?"

"Watoto wa Japani watanusa miguu yako!" akasema Shomari.

Mwaija akauma mdomo. Machozi yakaja. Akayarudisha.

Akaigeuza kandambili. Chini ilikuwa na alama ndogondogo, nyingi, zimepangana.

Kama magamba!

Na lile tundu la mbele, la ukanda?

Jicho!

"Ni samaki," akanong'ona Mwaija. "Alikuwa humu siku zote. Mimi nilikuwa namkanyaga tu."

Bi Haruko akamshikia kandambili isiteleze. Mwaija akachonga mdomo. Akachonga mapezi. Kisigino akakikata kikawa mkia.

Kwaru, kwaru, kwaru!

Huku Shomari amemaliza simba wake. Akachukua wino.

"Kidogo, Shomari," akasema Bi Haruko. "Wino kidogo."

"Mh! Simba hapakwi kidogo," akasema Shomari. Akapaka. Akaongeza. Akamimina.

Sugu, sugu, sugu! Akabandua.

Bwaa!

Simba? Simba yuko wapi? Karatasi ilikuwa nyeusi tii, kama sufuria iliyounguza maharage.

"Simba wako kaenda wapi?" wakauliza watoto.

"Yuko pangoni," akasema Shomari.

"Mh! Na mkia?"

"Ameingia nao."

Watoto wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa zamu ya Mwaija. Akapaka wino kidogo. Kidogo tu. Akalaza karatasi.

Sugu, sugu, sugu!

Watoto wakasogea karibu. Mwaija akashika pembe ya karatasi. Akabandua.

Bwaa!

Samaki! Magamba yake yote yapo. Jicho lake jeupe linatazama watu.

Hakuna aliyesema, "Itachapa nini?" Hata Shomari alikuwa anatazama viatu vyake.

Bi Haruko akazifunga picha zote vizuri. Samaki akawa juu. Pango la Shomari likawa chini kabisa. Kisha Bi Haruko akapanda ndege, vuuuu, akaenda.

Mwaija akangoja. Akangoja. Mvua zikaja, mvua zikaisha.

Siku moja mzigo ukafika ukumbini. Kulikuwa na picha moja kwa kila mtoto. Ya Mwaija ilikuwa imeandikwa jina lake.

Akaifungua polepole.

Samaki! Mwenye mistari ubavuni, na mkia mfupi. Chini Bi Haruko ameandika kwamba mtoto wa Japani amemchapa kwa soli ya kiatu chake cha shule!

Jioni ile mama akabandika picha ukutani, juu ya kitanda cha Mwaija. Samaki wa Japani akakaa kando ya samaki wa Kichangani, maana Mwaija alikuwa amejichapia mwingine wa kwake. Wakatazamana.

Mlango ukagongwa. Ngo, ngo, ngo.

Alikuwa Shomari.

"Mwaija, eti, ile kandambili ya pili ipo?"

Mwaija akajifunika shuka mpaka kidevuni.

"Mh!" akasema. "Kandambili! Itachapa nini?"

Shomari akainamisha kichwa. "Simba," akasema. "Simba mdogo. Wino kidogo."

"Na mkia?"

"Humohumo."

Mwaija akacheka. Akaingiza mkono chini ya kitanda, akaitoa kandambili ya pili, akampa.

"Ioshe kwanza," akasema. "Inanuka miguu."

Kisha akafumba macho. Juu ya kitanda, samaki wawili walibaki macho, wakimtazama akilala.