Rangi Mbili kwa Kila Kijiraba

Kidoli cha njano kwenye mchezo wa kompyuta kilipiga hatua mbili, na hakuna aliyekuwa amegusa kibonyezo.

Tihomir alikiona, akajisemea kompyuta imepata joto. Wanaume wa mji wa Smederevo hawakosi jibu. Mchezo ule aliutunga mwenyewe baada ya binti yao Nevena, wa miaka sita, kufa kwa kichomi, ili mkewe Rada amwone tena akitembea, japo kama kidoli kwenye televisheni iliyounganishwa na kompyuta. Kompyuta ilikuwa na namna mbili za kuchora: moja ya nyeupe na nyeusi tu, nyingine ya rangi. Alichagua ya rangi, maana mtoto alipenda njano. Lakini namna hiyo iligawa kioo cha televisheni katika vijiraba, yaani miraba midogo, kila kijiraba rangi mbili tu. Kidoli kimoja kikiingia kwenye kijiraba cha mwenzake, kinamnyang'anya rangi. Wachezaji wa kompyuta za aina hiyo walishazoea, wakawa wanacheka.

Siku ya tatu chumba kilinuka dawa ya kikohozi. Siku ya tano akatokea kwenye mchezo mwanamke ambaye Tihomir hakumchora, aliyefanana na Rada, na kila kidoli kilipomkumbatia kilizidi kung'aa, na Rada, aliyekaa mbele ya kioo tangu asubuhi bila kula, akazidi kupauka, midomo, kucha, hata macho yake ya buluu, mpaka akawa wa rangi ya majivu.

Tihomir akamwita bibi Savka, mganga anayeondoa hofu kwa madini ya risasi. Aliyayeyusha, akayamimina kwenye bakuli la maji juu ya kichwa cha Rada. Yakapasuka vipande vya mraba.

"Huyu si mwanao, binti yangu," alinong'ona. "Ni pepo, kavaa sura yake tu. Anakunywa rangi yako."

"Na anywe," Rada alisema. "Mimi ni mama yake."

"Mke wangu, utakufa."

"Tiho, ukimgusa, mimi na wewe basi!"

Tihomir alilia waziwazi. Alibadilisha namba moja kwenye programu, picha ikawa nyeupe na nyeusi. Hapakuwa tena na rangi ya kunyang'anya. Kidoli kikazunguka kikitafuta, kikasimama.

"Mama, nasikia baridi," ilisema televisheni, kwa sauti ya mtoto. Kisha kioo kikabaki kitupu.

Mashavu ya Rada yakaanza kurudia wekundu wake. Aliinuka bila kumtazama mumewe, akafungua kabati, akatoa koti dogo la sufu la Nevena, akaivalisha kompyuta, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni.