Mbwa Aliyekatiza Barabara

“Kwa hiyo fidia nikamdai mbwa?” Mama alifoka. “Niambie wewe, kaka yangu. Nimpigie mluzi aje na pochi yake?”

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo kikubwa cha saluni, akikwepa kujitazama. “Usinipandishie sauti, dada. Watu wa bima ndivyo walivyo. Kupokea wepesi, kutoa wazito.”

“Wakili wa msaada wa sheria amenifafanulia leo mpaka nimeelewa. Abiria aliyeumia anaweza kulipwa na bima ya gari, au aelewane na dereva, au aende mahakamani. Lakini njia zote hizo zinapita mlango mmoja: kosa la dereva. Wewe uliwaambia polisi mbwa alikatiza ghafla, ukamkwepa. Basi huna kosa. Na kama huna kosa, mimi sina wa kumdai.”

“Si nilisema nitakutunza mwenyewe?”

“Kwa kitu gani? Gari lako limebaki chuma chakavu, na hata sabuni unakopa.”

Binti wa Mama alikuwa anafagia nywele sakafuni. Walimwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kunyamaza. Kuhusu safari ile ya ajali tu, alikuwa ametulia kama maji mtungini.

Siku ya ajali Mama alikuwa amelala kiti cha nyuma, hoi kwa kusuka wateja tangu alfajiri. Chiriku, aliyekaa kando yake, alimwona Mjomba ameinamia simu, anaandika huku anacheka peke yake. Kisha wakaivaa nguzo ya umeme. Hapakuwa na mbwa. Hata paka hapakuwa. Walipokuwa wakisubiri gari la wagonjwa, Mjomba alimshika bega. “Mwanangu, wakijua nilikuwa kwenye simu wataninyang'anya leseni. Tuseme mbwa. Sisi ni damu moja.” Askari alipouliza, Chiriku akasema mbwa. Tena akampamba: mweusi, mkia mfupi.

“Hebu weka ufagio, njoo hapa,” Mama alimwita. “Mjomba wako aone.”

Alimkalisha kwenye kigoda, akagawa nywele zake mafungu matatu. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia, vilivyovunjika kwenye ajali, vilibaki vimenyooka kama vijiti. Msuko ukafumuka. Akaanza upya. Ukafumuka tena. Mama hakulia. Alikitupa kitana mezani.

“Daktari anasema upasuaji mwingine ungesaidia kidogo. Kidogo tu, na uwe mapema. Wateja wameshaanza kwenda kwa jirani. Siwalaumu. Nani atakaa kigodani kutwa nzima kusubiri nywele za nusu kichwa?”

Mjomba alitazama viatu vyake. “Pole, dada. Ni bahati mbaya.”

Chiriku aligeuka pale kigodani. “Mama,” alisema, “hapakuwa na mbwa.”

Mjomba aliruka kitini. “Mtoto huyu anaota mchana!”

“Ulikuwa unaandika kwenye simu, Mjomba. Ulicheka. Ukaniambia tuseme mbwa.”

Chiriku alingoja kofi au kelele. Mama alikichukua kitana mezani, akakirudisha kwenye droo.

“Na wewe ulijua siku zote hizi,” Mama alisema.

“Nilidhani namwokoa Mjomba. Sikujua kwamba nakuumiza wewe.”

“Dada, nihurumie,” Mjomba alisihi. “Leseni ikienda nitakula wapi? Na wakinifunga je?”

“Sijui. Labda watakufunga, labda watakutoza faini. Mimi nimeshafungwa,” Mama akajibu, akiinua ule mkono. Alivua aproni, akachukua ufunguo. “Chiriku, twende kituoni.”

“Na nywele zangu hivi?”

“Hivyo hivyo. Polisi hawatakuposa.”

Mjomba alitoka nao nje, lakini hakuwafuata kituoni. Mama alifunga mlango wa saluni, wakamwacha ameketi barazani, kichwa mikononi.

Askari wa kaunta ndiye yule yule aliyekuja siku ya ajali. Alisikiliza, akakuna kidevu. “Mweusi, mkia mfupi,” alisema. “Kumbe ulimuumba mwenyewe.”

“Ndiyo, afande. Nilidanganya.”

“Mama, maelezo mapya nitayaandika. Ila sitakupa matumaini ya bure. Bima watauliza kwa nini mtoto amegeuza maneno, na wanaweza kukataa tena. Ukienda mahakamani, kesi hutembea kwa mwendo wa kinyonga. Vidole navyo havisubiri kesi.”

“Najua,” Mama alisema. “Andika.”

Kisha akamgeukia binti yake. “Nisikilize vizuri. Ukimfichia mtu kosa, hujalifuta. Umelihamisha tu, likamwangukie mwingine, na mara nyingi humwangukia yule aliyekuwa amelala. Ukweli usemwe siku ile ile, ungali na nguvu. Huu wa leo umechelewa, na huenda usinirudishie hata kidole kimoja. Lakini uongo ungeninyima hata pa kuanzia. Haya, sema. Na safari hii usipambe.”

Askari alifungua kalamu. “Anza mwanzo, binti.”

Chiriku alishika ukingo wa kaunta. “Mjomba alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja,” alianza.