Fundi Aliyevua Buti

"Kware, Kware, unanipata?" sauti iliuliza sikioni.

"Nakupata," Aune Kettunen, aliyeitwa Kware kazini, alinong'ona kwenye maikrofoni iliyofichwa katika ukosi wa koti.

"Ilpo bado yumo ghalani. Sauti inafifia. Mlango haufunguki mpaka kompyuta yao iwake."

"Tukiuvunja?"

"Walinzi wana bunduki. Watammaliza kwanza."

Aune alizima Volvo, akabaki ameushika usukani. Mgongo ulimuuma. Yeye ndiye aliyemtuma Ilpo asubuhi ile akapige picha masanduku ya samaki walioganda, ambamo Viljo Harju alificha mitambo ya kuongozea makombora. Ilpo aliingia. Kompyuta inayoendesha kufuli ikafa. Sasa baridi ya ghala ilikuwa ikimuua polepole.

Viljo hakujua kama mle ghalani mna mtu. Yeye alitaka mzigo wake tu, maana meli ilikuwa ikimngoja bandarini Kotka. Alipopiga simu kutafuta fundi, Kitengo cha ujasusi cha Aune kiliinasa simu ile.

Fundi aliyetumwa ndiye huyu Aune.

Alipanda ngazi za nyumba ya Viljo. Bastola yake, Walther, ilikuwa ndani ya buti la kulia.

Viljo alifungua mlango, akamtazama miguuni.

"Viatu, mama."

Aune alijilaani kimoyomoyo. Kotka hata jambazi hakubali buti juu ya zulia lake, na yeye mzaliwa wa hapa alisahau! Akavua. Bastola ikabaki mlangoni, mwenyewe akaingia na soksi yenye tundu kidoleni.

"Ehe, imekufaje?"

"Nimebadilisha pawa, nikaweka na RAM mpya, ile kadi ya kumbukumbu. Feni zinazunguka, skrini giza totoro. Wameniuzia takataka!"

"Nani kafunga?"

"Mimi mwenyewe. Kazi ya bisibisi nayo ya kuitia fundi?"

"Si umeniita?"

Viljo aliguna, akaenda kumimina kahawa.

Aune alifungua boksi la kompyuta. Kebo za pawa zilikaa sawa. Waya wa prosesa nao. Akawasha. Feni zikazunguka, skrini ikabaki giza.

"Kware, fanya haraka," sauti ikasema sikioni. "Ameacha kujibu."

Aune alichomoa kebo moja, akaichomeka upya. Hakuinua uso.

Viljo alirudi akiburuza miguu zuliani, akampa kikombe. Vidole vikagusana.

Tii! Cheche.

"Aa, majira haya ya baridi kavu!" Viljo akacheka. "Kila nikishika kitasa napigwa shoti."

Aune alizitazama soksi nene za sufu za Viljo. Kisha zulia. Kisha ile RAM.

"Ulisimama hapa ulipoishika?"

"Ulitaka nisimame wapi, dirishani?"

"Basi umeiua mwenyewe, kwa umeme wa soksi zako. Ya zamani iko wapi?"

Ilikuwa kwenye ndoo ya taka, chini ya machicha ya kahawa. Aune aliifuta kwa leso, akashika kwanza bomba la chuma la ukutani ili umeme wa mwilini umtoke.

"Unasali?" Viljo akamtania.

"Karibu na hapo."

Akaibana mahali pake. Klik. Akawasha.

Skrini ikawaka.

Viljo alimsukuma pembeni, akabonyeza. Kwenye picha ya kamera, mlango wa ghala ulifunguka, ukungu ukamwagika nje. Kisha mtu akatoka akitambaa, nyusi nyeupe kwa barafu.

"Huyo nani?"

"Mlango wazi," Aune aliuambia ukosi.

Kwenye skrini, polisi waliokuwa wamejificha waliruka kutoka kwenye lori la samaki. Walinzi wakatupa bunduki kabla hawajaelewa kitu.

"Wewe si fundi!"

Viljo alichomoa kisu. Aune akakimbilia mlangoni, Viljo nyuma yake. Zulia likaisha, sakafu ya mbao iliyopigwa nta ikaanza. Soksi za sufu zikateleza. Viljo akaenda chini mzimamzima.

Alipoinua kichwa, Walther ilikuwa imeshatoka butini.

"Lala hapohapo," Aune alisema. "Mgongo unaniuma, usinitafutie kazi ya kuinama."

Alivaa buti kwa mkono mmoja, taratibu, mpaka polisi walipofika na pingu. Sikioni mtu alikohoa.

"Bosi?" Ilikuwa sauti ya Ilpo, imekwaruza. "Kahawa ipo?"

Machozi yalimtoka. Alikuwa amechoka mno hata kuyafuta.

"Ipo."

Akarudi ndani, akakanyaga katikati ya zulia, akabeba birika zima.

"Viatu!" Viljo alifoka kutoka sakafuni.

Aune hakugeuka. Alishuka ngazi na birika lake, kahawa ingali ya moto.