Herufi za Fundi Mabango

Fundi Mabango alimaliza bango la duka la viatu. Neno la kwanza lilikuwa kubwa. La mwisho, jamani, lilinywea kama punje ya mchele.

"Fundi, rangi imepanda bei?" mwenye duka alimtania.

Fundi alicheka. Mkewe, aliyeshika ngazi, hakucheka. Aliujua mkono ule unaotetemeka. Daktari aliuita ugonjwa wa Parkinson, akatoa vidonge. Mwezi ulipita, nafuu kiduchu. Na mwalimu mkuu, aliyekuwa amempa kazi inayofuata, alishaonya: "Herufi zikinywea kwenye ukuta wa shule, nitatafuta fundi mwingine."

Mke akazidisha mapenzi. Kila asubuhi alimpa vidonge pamoja na mayai mawili na glasi ya maziwa.

"Dawa haimezwi ukiwa na njaa," alisema.

Asubuhi moja jirani yao, muuguzi, alikuja kuazima pasi.

"He! Dada, unampa dawa na maziwa?"

"Ndiyo. Nimekosea?"

Muuguzi akaketi. "Ubongoni kuna kemikali inayoitwa dopamini. Hiyo ndiyo inayofanya mkono utii. Seli zinazoitengeneza zinakufa. Vidonge hivi vinaupa ubongo malighafi ya kutengenezea nyingine. Lakini protini ya mayai na maziwa hupita mlango uleule ambao dawa hupitia kuingia ubongoni. Vikisongamana, dawa inabaki nje."

"Na nani anaziua hizo seli?" Fundi aliuliza. "Watu wanasema nimerogwa."

"Hujarogwa, shemeji. Chanzo bado hakijajulikana vizuri. Watafiti wanachunguza kemikali za jamii ya alkaloidi, ambazo nyingi hutoka kwenye mimea. Baadhi huzaliwa humohumo ubongoni, kutokana na dopamini yenyewe. Wanazishuku tu, hawajathibitisha."

"Lo! Kikulacho ki nguoni mwako."

Mke alifuta machozi. "Kumbe mimi ndiye niliyeifungia dawa mlango!"

"Hukuelekezwa, dada. Mpe dawa kwa maji, nusu saa kabla ya kula. Mayai asiache, ale baadaye. Na dozi msibadilishe bila daktari."

Wakafanya hivyo. Siku ya ukuta wa shule, Fundi alimeza dawa mapema. Mkono haukupona, lakini ulitii. Mwalimu mkuu alirudi nyuma hatua kumi, akasoma ukuta wote.

"Hapo sawa, Fundi."

Rangi kidogo ilibaki koponi. Fundi aliipeleka jikoni, akaandika kwenye mlango wa kabati: DAWA KWANZA, MAZIWA BAADAYE.

Mkewe alipima kwa kiganja herufi ya kwanza, kisha ya mwisho. Zililingana.