Mikono Ishirini na Tisa

Kila Jumamosi Tamsin Pledger alimsaidia babu yake, mzee Clifford, kuuza mboga kwenye soko la mji wao mdogo huko Lincolnshire. Yeye alipanga karoti na kabichi, babu akapiga kelele za kuita wateja. Kazi hiyo ya kelele mzee aliipenda kuliko zote.

Siku hiyo alikuwa ameandika kwa chaki kwenye ubao wa bei: "Viazi bei poa! Mjukuu wangu ni wa kwanza kwa hesabu!"

"Babu, futa bwana! Watu wanasoma," Tamsin alinong'ona.

"Si ndiyo maana nimeandika? Mtaa mzima ni wewe tu uliyefaulu mtihani wa kuingia shule ile ya wasichana, na huko huko umewabwaga! Ninyamaze mimi?"

Tamsin alitamani ardhi ipasuke immeze. Shule ya msingi hakuna aliyewahi kumpita. Lakini kwenye jaribio la kwanza la shule mpya alikuwa wa ishirini na sita kati ya wasichana thelathini. Babu alipomuuliza, uongo ulimtoka kabla hajafikiri.

"Nipimie viazi kilo mbili, mzee." Alikuwa Bi Okell, mwalimu wa hesabu wa Tamsin, kikapu mkononi.

"Mwalimu! Leo unachukua bure! Umemfundisha mtoto wangu mpaka kawa wa kwanza!"

Bi Okell aliusoma ubao, akamtazama Tamsin, kisha akasogeza kikapu chake. Tamsin alijua angeweza kunyamaza na mambo yakaishia hapo. Lakini babu alikuwa akichagua viazi vizuri vizuri, uso umejaa furaha, na roho ikamuuma.

"Babu, nilikudanganya. Nilikuwa wa ishirini na sita."

Mzee aliweka viazi chini. "Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Niliogopa utaona aibu. Nimezoea kuwa wa kwanza."

"Tamsin," Bi Okell alisema kwa upole, "siku ya kwanza ya muhula niliuliza darasani nani alikuwa wa kwanza shuleni kwake. Wewe hukuwepo, ulikuwa na mafua. Unajua ilinyooshwa mikono mingapi?"

"Mitano?"

"Ishirini na tisa. Wote waliokuwepo."

Tamsin akaangua kicheko. Kumbe hata yule aliyeshika mkia alikuwa bingwa kwao! Babu naye alicheka huku akifuta ubao kwa mkono wa koti.

"Basi Mwalimu, viazi utalipia," alisema.

Tangu wiki hiyo Tamsin alibaki na Bi Okell kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, akauliza kila asichoelewa kuhusu hesabu za sehemu. Jaribio lililofuata akawa wa kumi na tisa. Alikimbia hadi sokoni na karatasi yake, akampa babu mwenyewe aisome.

Mzee Clifford alimkumbatia mbele ya wateja.

"Sikia, Tamsin. Uliponidanganya, nilikuwa namshangilia mtoto mwingine kabisa, hata simjui. Usinifanyie hivyo tena. Niambie ukweli, uwe wa kwanza au wa mwisho, maana ninayetaka kumshangilia ni wewe."