Nyimbo za Magokoro Nyakerario

Kila Ijumaa jioni, baada ya kufagia darasa, mimi Esnah wa Gredi ya Nane ndiye niliyebaki kufunga chumba cha kompyuta cha shule yetu, karibu na Birongo. Mwalimu Machogu aliniamini, nami niliringa na ufunguo ule kupita kiasi.

Ijumaa moja diski ya kompyuta kubwa, inayotumia mfumo wa Linux, ilijaa. Mwalimu akaniagiza nifute kazi za mwaka jana. Diski ile imegawanywa katika sehemu ziitwazo sabuvolyumu. Sisi tuliziita vyumba, kwa kuwa kimoja huweza kubeba vingine ndani yake. Utaratibu tuliujua sote: orodhesha vyumba vyote, hata vya ndani, andika majina daftarini, mwulize kila mwenye chumba, kisha ufute ukianzia ndani.

Lakini kwetu ni Waadventista. Sabato huingia jua likitua, na kabla ya hapo maji yawe yametekwa, chakula kimeiva na viatu vimepigwa rangi. Jua lilikuwa limeshuka. Nikaamuru chumba kikubwa cha kazi za mwaka jana kifutwe, kompyuta ikakataa, ikasema ndani kuna vingine vinne. Nikavifuta kimoja kimoja bila kuvifungua. Nilijiambia kwamba chumba kikubwa kilipigwa nakala juma lililopita, basi vyote vimo. Methali zote za haraka nilizijua, hata kwenye insha nilizitia. Daftarini nikaandika: "Nimeorodhesha vyote. Wenyewe wamekubali." Nikawahi nyumbani, mama akanisifu.

Kesho yake kanisani rafiki yangu Linda aliketi karibu nami. Aliniambia kwamba Jumatano angechukua nyimbo za magokoro wake, yaani nyanya yake, Nyakerario, aliyefariki mwezi wa Aprili. Alikuwa amemrekodi akiimba nyimbo saba za kupalilia wimbi, na simu aliyotumia iliibwa. Sauti ile ilibaki kwenye kompyuta ya shule tu. Alhamisi familia ingejengea kaburi, na Linda alitaka waisikie. Nilijua chumba chake kilikuwa kimoja cha vile vinne, lakini nikaikumbuka ile nakala, nikatulia.

Jumatatu nilifika mapema nikaifungua ile nakala. Jina la chumba cha Linda lilikuwepo, ila ndani hamkuwa na kitu. Nakala ya chumba kikubwa haichukui vyumba vilivyo ndani yake. Mwalimu alitufundisha hayo, nami siku hiyo nilikuwa napiga soga. Nikanyamaza. Jumatatu na Jumanne wanafunzi walijaza diski kwa kazi mpya, mimi nikiwatazama.

Siku za mwizi ni arobaini, zangu zilikuwa tano. Jumatano Linda alipozikosa nyimbo, Mwalimu alimfungulia daftari akamwonyesha kwamba alikubali zifutwe. Linda akasema hakuulizwa na mtu. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba msiba humsahaulisha mtu. Basi maskini Linda akaanza kujitilia shaka, akalia akisema labda ni kweli alikubali. Hapo nikashindwa.

"Hakukubali, Mwalimu," nikasema. "Sikumwuliza. Niliandika uongo."

Mwalimu alijaribu kuziokoa faili hadi kengele ya mwisho, asipate hata moja. Alhamisi kaburi likajengewa bila nyimbo.

Jumapili nilikwenda na Linda hadi Kiogoro, kwa Bathsheba, mdogo wa marehemu, tukamrekodi nyimbo zote saba. Tuliziweka mahali patatu. Linda alisikiliza mpaka mwisho.

"Nyimbo ni zile, Esnah," akasema. "Anayeimba si yeye."

Hakunitukana. Heri angenitukana.

Jumatatu nilimrudishia Mwalimu ufunguo, nikitumaini atakataa kuupokea. Aliupokea.

"Kufuta kwa haraka ni kosa, na mwenye kosa husaidiwa," aliniambia. "Kitu kilichofutwa hakipotei papo hapo. Hupotea kazi nyingine ikiandikwa juu yake. Ungeniambia Jumatatu ile asubuhi, ningeizima mashine, na huenda tungeipata sauti ya yule mama. Kilichoimaliza ni zile siku ulizonyamaza. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo."

Akatia ufunguo mfukoni, akaenda kumtafuta mwingine wa kufunga chumba.