Dole Gumba la Cedric

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Alvin, hapa hapa Nottingham, na hadi leo ukimtajia anainamisha kichwa.

Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kufinyanga vijisanamu, kwa ule udongo wa gundi ambao ukikanda wa manjano na wa buluu pamoja unapata wa kijani. Enid, mjane wa fundi Cedric, akampa vifaa vya marehemu. Ndani ya kisanduku cha vifaa hivyo Alvin akakuta zimwi dogo, kazi ya mzee mwenyewe. Cedric alikuwa kila akimaliza kazi hulowesha dole gumba kwa mate, akalibonyeza chini ya kisanamu. Alama ya dole lile ndiyo ilikuwa sahihi yake.

Alvin akaifunika alama hiyo kwa udongo mpya, akaulainisha. Kesho yake ulipokuwa mgumu kama jiwe, akalipeleka zimwi kilabuni, wanakokutana wafinyanzi wenzake.

"We Alvin, hili umefinyanga au umeiba?" wakamtania.

"Langu. La kwanza."

Enid alikuwa akimimina chai. Akamshika bega. "Cedric angekuonea fahari, mwanangu."

Alvin hakuweza kumtazama usoni.

Alirudi kwa miguu, kiza cha Desemba kimeshatanda. Mfukoni, alimotia zimwi, akasikia chwa, chwa, kama kidole kibichi kikisugua kitu laini. Akasimama. Sauti haikusimama.

Nyumbani akawasha taa, akalipindua zimwi. Udongo ulikuwa mgumu vilevile, hata ukucha haukuingia. Lakini alama ya dole ilikuwa imerudi, na mate yaliyokuwa ndani yake yalikuwa bado na joto.